Maswali ya Wasomaji: Karatasi za Mbwa wa Nasaba na Matayarisho ya Kuzalisha

Tangu tulipoandika kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, barua za wafugaji zimekuwa zikirundikana mezani, na nyingi zinahusu mambo mawili: namna ya kupata karatasi za usajili, na namna ya kumtayarisha mbwa wa nasaba kabla ya kupandishwa. Tumechagua barua tano. Zimejibiwa na daktari wa mifugo wa jarida hili.

Swali: Shikamoo Daktari. Nilinunua German Shepherd dume akiwa na wiki saba. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni mbegu halisi na kwamba karatasi zake ziko njiani. Sasa mbwa ana mwaka mmoja na nusu, ana mgongo mweusi na masikio yamesimama vizuri, na majirani wananiomba awapandie majike wao. Muuzaji hapokei simu zangu tena. Nifanye nini ili mbwa wangu apate karatasi? – Mfugaji, Nakuru

Jibu: Marahaba. Nikueleze mapema kwamba mbwa hapewi karatasi kwa sababu ya sura yake, hata awe mzuri namna gani. Usajili huanzia kwa wazazi. Mwenye jike ndiye anayejaza fomu ya uzao, mwenye dume anatia sahihi kuthibitisha kwamba dume wake ndiye aliyepanda, kisha chama kinachotunza daftari huhakikisha kwamba wazazi wote wawili wameandikwa humo, au katika daftari la chama cha nchi nyingine kinachotambuliwa, ndipo watoto wote wa uzao huo huandikwa kwa pamoja. Kwa Kenya, kazi hiyo hufanywa na East Africa Kennel Club, chenye ofisi Jamhuri Park, Nairobi. Kwa hiyo aliyepaswa kushughulikia usajili ni yule aliyezalisha, naye alipaswa kukukabidhi fomu ya kuhamisha umiliki yenye sahihi yake siku uliyolipa.

Kauli ya kwamba karatasi ziko njiani ndiyo inayowaliza wengi. Mara nyingine ni ya kweli, kwa maana ofisi yoyote huchukua muda wake, lakini muuzaji mkweli ataweza kukuonyesha, siku hiyo hiyo, vyeti vya baba na mama vyenye majina kamili na namba za usajili, na nakala ya fomu ya uzao aliyoipeleka. Asipokuwa na hivyo, hana kitu. Usikubali pia kupewa kadi ya chanjo kana kwamba ni cheti cha nasaba, wala ile karatasi yenye mti wa ukoo ambayo mtu yeyote anaweza kuichapa nyumbani kwake. Cheti cha kweli kina namba, na namba hiyo inaweza kuulizwa ofisini.

Nafasi iliyobaki kwako ni hii. Mtafute mwenye jike aliyemzaa mbwa wako, ambaye huenda si yule aliyekuuzia, kwa kuwa watoto wengi wa mbwa hupitia mikononi mwa madalali. Ukipata majina na namba za wazazi, iulize ofisi kama uzao ule uliwahi kuandikwa. Ikiwa wazazi wamesajiliwa lakini uzao haukuandikwa, mfugaji mwenyewe anaweza kuomba uandikwe kwa kuchelewa, na kipimo cha DNA cha mbwa wako pamoja na wazazi wote wawili kitakuwa ushahidi wenye uzito. Ikiwa wazazi hawamo katika daftari lolote, mlango umefungwa. Daftari la aina hii lilianzishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, mbwa aitwaye Horand von Grafrath akaandikwa wa kwanza, na kila German Shepherd anayesajiliwa leo hana budi kuunganishwa na daftari hilo kizazi kwa kizazi bila pengo.

Yapo madaftari yaliyowahi kufunguliwa. Mwaka 1990 American Kennel Club iliwapokea Basenji, aina ya mbwa wa Afrika ya Kati, waliochukuliwa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kwa kuwa Basenji walioko Marekani walitokana na wazee wachache mno na walikuwa wakisumbuliwa na maradhi ya kurithi, hasa ya figo. Hata hivyo, uamuzi ule ulifanywa kwa manufaa ya aina nzima ya mbwa, na waliopokelewa walichunguzwa kwanza. Haukufanywa ili kumtatulia mtu mmoja tatizo la mbwa wake.

Kuhusu majirani, ushauri wangu ni kuwakatalia kwa upole. Hujui nyonga za mbwa wako zikoje, hujui baba yake alikufa kwa ugonjwa gani, na wao hawajui ya majike wao. Kukosa karatasi hakumpunguzii mbwa wako chochote kama mlinzi na rafiki wa nyumba yako. Anaweza kuhasiwa na akaishi vizuri.

Swali: Shemeji yangu anayeishi Uingereza alituletea Labrador jike mwenye karatasi za Kennel Club ya huko. Nilipozisoma kwa makini nikaona zimeandikwa kwamba watoto wake hawatasajiliwa. Je, tumetapeliwa? – Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Hamkutapeliwa. Hilo ni zuio ambalo mfugaji wa Uingereza anaruhusiwa kuliweka juu ya mbwa aliyemzalisha, ili mnunuzi asianze kuzalisha kabla ya kufanya vipimo. Kuna zuio la namna mbili: la kwanza linakataza watoto kuandikwa, na la pili linakataza mbwa kutolewa cheti cha nasaba cha kusafirishia nje, ambacho vyama vya nchi nyingine hukitaka ili kumwingiza mbwa mgeni katika daftari lao. Tazameni kama yote mawili yamewekwa.

Aliyeweka zuio ndiye pekee anayeweza kuliondoa. Kwa utaratibu wa huko, mnunuzi anapaswa kuwa alielezwa jambo hilo na kutia sahihi kwamba amelielewa, kwa hiyo mwulizeni shemeji kama kuna karatasi aliyoisaini bila kuisoma, hutokea sana. Kisha mwandikieni mfugaji moja kwa moja. Kwa Labrador, kwa kawaida atataka matokeo ya nyonga na viwiko, uchunguzi wa macho, na vipimo vya jeni vya maradhi ya aina hiyo, likiwemo lile la upofu unaoingia polepole. Mkimpelekea matokeo mazuri, wengi hukubali. Nchini Marekani kuna mpango unaofanana na huo, ambapo mbwa husajiliwa lakini watoto wake hawasajiliwi mpaka mfugaji abadilishe hadhi yake. Binafsi natamani wafugaji wetu wangeuiga.

Swali: Daktari, tuna Rhodesian Ridgeback jike wa miezi kumi na mitatu. Tulimnunua Nairobi na karatasi zake zimekwisha kuhamishiwa jina langu. Ameshaingia joto mara moja. Mume wangu anataka apandishwe joto lijalo, mimi nasita. Tuanzie wapi? – Mama wa Arusha

Jibu: Endelea kusita, mama, maana kusita kwako kuna msingi. Mbwa anayepata joto la pili bado anamalizia kukua, na baadhi ya vipimo anavyohitaji haviwezi kutoa jibu la kuaminika katika umri huo. Kennel Club ya Uingereza haisajili uzao wa jike aliyepandishwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wala wa jike aliyekwisha kufikisha miaka minane anapozaa, wala uzao wa tano wa jike yeyote. Lakini mwaka mmoja ni mpaka wa chini kabisa, na mfugaji makini hausogelei. Kwa mbwa mkubwa kama Ridgeback mimi husema miaka miwili. Mwaka huo mmoja wa kungoja ndio mtakaoutumia kwa matayarisho, na kazi yenyewe ni nyingi.

Cheti ulicho nacho ni kama cheti cha kuzaliwa cha mtu: kinataja baba na mama, lakini hakisemi lolote kuhusu afya ya mwenye cheti. Hilo mtalipima wenyewe. Anzeni na nyonga. Mbwa hupewa dawa ya usingizi, hulazwa chali, miguu ya nyuma huvutwa ikanyooka sambamba na magoti yakageuzwa ndani kidogo, na fupanyonga lisipinde upande wowote, kwa sababu likipinda hata kidogo nyonga moja huonekana mbaya kuliko ilivyo. Namba ya chipu, yaani kile kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, isomwe kwa kifaa kabla ya picha kupigwa, nayo ionekane kwenye picha yenyewe. Picha isiyo na namba haina mwenyewe. Kisha eksirei hutumwa kwa wataalamu wa mpango unaotambuliwa. Uingereza huzipa nyonga alama kuanzia 0 hadi 53 kila upande, yaani 106 kwa zote mbili, na alama ndogo ndiyo bora. Nchi nyingi za bara la Ulaya hutumia herufi A hadi E. Mpango wa Marekani hautoi cheti cha kudumu kabla ya miezi 24. Siku hiyo hiyo, mbwa akiwa bado amelala, pigeni na viwiko, kwa sababu gharama kubwa iko kwenye dawa ya usingizi.

Ridgeback ana jambo lake la pekee, nalo mnaweza kulitafuta kwa vidole. Wengine huzaliwa na kijishimo kutoka kwenye ngozi kinachoshuka kuelekea uti wa mgongo, na kikiingia uchafu hufanya jipu ambalo laweza kufika kwenye uti wenyewe. Inueni ngozi ya shingo na ya mgongo kati ya kidole gumba na cha shahada, muiviringishe taratibu kuanzia kisogoni hadi kwenye mkia. Ngozi ya kawaida huteleza yote. Penye kasoro mtahisi uzi mgumu umeshika chini, na pengine mtaona kishungi cha nywele kimesimama mahali pake peke yake. Mara nyingi huwa shingoni, au mbele na nyuma ya ule mstari wa nywele za mgongoni zinazoelekea mbele, ambao ndio alama ya aina hii, si juu yake. Jike mwenye kasoro hiyo, hata kama alifanyiwa upasuaji akapona, asizalishwe. Kuna pia kifafa cha ujanani kinachorithiwa katika aina hii, ambacho jeni yake ilitambuliwa mwaka 2017, na kipimo chake ni cha kufuta mate shavuni na kutuma maabara. Mbeba jeni mmoja akipandishwa na asiye nayo hazai mgonjwa, kwa hiyo jibu la “mbeba” lisiwavunje moyo. Litawaongoza tu katika kuchagua dume.

Tazameni na tabia. Sifa za Ridgeback ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922 kwa mbwa ambaye wawindaji walimtumia kumfuatilia simba na kumshughulisha mpaka mtu afike, kwa hiyo ni mbwa wa kujiamini asiyeng'ata ovyo. Jike anayeng'ata wageni kwa woga ataurithisha woga huo, na watoto watajifunza mengine kwake katika wiki zile nane za kwanza.

Nyonga zikiwa nzuri na mbwa ametulia, mtarudi kwangu, au kwa daktari aliye karibu nanyi, takriban mwezi mmoja kabla ya joto mnalolikusudia. Chanjo zote zikamilishwe wakati huo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa hatupendi kuchanja mbwa mwenye mimba. Kupe wadhibitiwe barabara, na damu ipimwe, kwa sababu homa za kupe katika ukanda wetu huweza kujificha mwilini na kuibuka mimba inapomlemea. Kisha kuna maradhi mawili ya zinaa ambayo wafugaji wengi hawayataji. La kwanza ni bruselosisi ya mbwa, inayomfanya jike atupe mimba ikiwa na takriban siku 45 hadi 55, inayoharibu korodani za dume, ambayo ni ngumu mno kutibu na inaweza kumwambukiza binadamu anayeshika kondo na majimaji ya uzazi. La pili ni uvimbe mwekundu unaovuja damu katika sehemu za siri, ambao seli zake huhamia kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wakati wa kupandana. Uvimbe huu umeenea sana mahali ambapo mbwa huzurura bila mwenyewe, na hutibika kwa sindano za kila wiki, lakini dume aliyewahi kupanda majike wa mtaani achunguzwe kabla hajamkaribia mbwa wenu.

Joto likianza, msihesabu siku kwa vidole. Desturi ya kupandisha siku ya 11 na ya 13 tangu damu ionekane imewakosesha wengi watoto, kwa kuwa wapo majike wanaokuwa tayari siku ya saba na wengine siku ya ishirini. Kipimo cha projesteroni katika damu ndicho kinachosema ukweli, na hata maabara ya hospitali ya binadamu huweza kukifanya. Homoni hiyo ikifika karibu nanogramu 2 kwa mililita, mwili umetoa ishara ya mayai kutoka. Ikifika karibu 5, mayai yametoka. Mayai ya mbwa hutoka yakiwa bado machanga na huhitaji siku mbili hivi kukomaa, basi pandisheni siku mbili baada ya hapo, na kurudia baada ya siku moja au mbili.

Mimba huchukua siku 63 tangu mayai kutoka. Picha ya mawimbi ya sauti katika wiki ya nne itaonyesha kama ameshika, na eksirei baada ya siku ya 55 itawawezesha kuhesabu mafuvu na migongo, ili siku ya kuzaa mjue kama kuna aliyebaki ndani. Dawa ya minyoo apewe kwa ratiba ya daktari, kwa sababu mabuu ya minyoo hupita kwenye kondo na watoto huzaliwa nayo. Chakula kiongezwe taratibu katika theluthi ya mwisho. Msimpe vidonge vya kalisi wakati wa mimba, ingawa nia ni njema; vinauzoesha mwili kutojitafutia, na baada ya kuzaa, maziwa yanapokuwa mengi, kalisi ya damu huporomoka ghafla na mama hukakamaa misuli.

Wiki ya mwisho mpimeni joto la mwili asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.5, uchungu unakaribia, mara nyingi ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au ukitoka ute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, msingoje kupambazuke.

Neno la mwisho kwenu ni kuhusu watoto watakaozaliwa bila mstari mgongoni, kwani wazazi wote wawili wakibeba nakala moja moja tu ya jeni ya mstari, wapo watakaokosa. Zamani wafugaji waliwaua. Ni watoto wazima kabisa, na hata kile kijishimo cha ngozi huonekana zaidi kwa wale waliorithi mstari kutoka pande zote mbili. Wahasini na kuwapa watu wanaotaka mbwa wa nyumbani.

Swali: Nina Rottweiler wawili wenye karatasi, dume na jike, wa uzao mmoja. Je, naweza kuwapandisha wao kwa wao ili nihifadhi mbegu? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Hapana. Watoto wa ndugu wa baba na mama mmoja huwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi, katika sehemu yoyote ya jeni zao, nakala mbili zinazotokana na nakala moja ya mzee mmoja, na hapo ndipo maradhi yaliyokuwa yamejificha hujitokeza. Tangu mwaka 2009 Kennel Club ya Uingereza haisajili uzao wa ndugu, wala wa mzazi na mwanawe. Watenganisheni kabisa jike anapoingia joto. Ua wa mabati hautoshi, kwa kuwa dume huchimba. Kama wamekwisha kupandana, mfikisheni jike kwa daktari wiki hii.

Swali: Mwenye dume anataka alipwe mtoto mmoja wa kuchagua badala ya pesa. Wengine wanadai pesa taslimu. Kipi ni cha haki, na nani anashughulikia karatasi? – Mfugaji, Kisumu

Jibu: Vyote viwili ni vya haki mkiandikiana. Tatizo la malipo ya mtoto huja pale anapozaliwa mmoja tu, au wanapokufa wote katika wiki ya pili, ndipo urafiki unapovunjika. Andikeni idadi ndogo kabisa ya watoto walio hai, na kwa umri gani, ndiyo itakayompa mwenye dume haki ya kuchagua. Andikeni atachagua lini, nami napendelea wiki ya saba au ya nane. Na andikeni kama jike asiposhika atarudishwa joto lijalo bila malipo mapya. Mwenye dume naye ana wajibu wa kudai cheti cha usajili cha jike na majibu ya bruselosisi ya siku za karibuni kabla ya kumfungulia geti, na asione haya kumrudisha mtu asiyekuwa navyo.

Karatasi za watoto ni kazi ya mwenye jike, kama nilivyoeleza hapo juu, lakini haziwezi kwenda bila sahihi ya mwenye dume. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu wapo wanaoizuia sahihi baadaye ili waongezewe pesa. Ipateni fomu kutoka chamani mapema, na siku ya kupandisha kwa mara ya mwisho, mbwa wakiwa bado uani, jazeni tarehe, majina kamili ya mbwa, namba za usajili na namba za chipu, mwenye dume atie sahihi, na kila mmoja aondoke na nakala yake.